Mwalimu Aliyeruka Sentensi

Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Kwetu Keshero, mtaa wa Goma, alikuwa Mwalimu tu. Walimu wengine wote, wa hesabu, wa madrasa, wa sekondari, ilibidi waongezewe neno nyuma ili wasichanganywe na yeye. Ukisema Mwalimu peke yake, watu walijua unamsema yule muzee wa koti la kijivu, mwenye termosi ambayo haikuwa na chai ndani, ilikuwa na maji ya moto matupu. Ndiye aliyenifundisha kusoma Kichina. Ndiye pia aliyesimama mbele ya mama yangu na majirani zangu akawaambia kwamba sikusikia nilichosikia. Miaka imepita, na bado sijui mambo haya mawili niyaweke wapi. Nasimulia nikiwa na hasira, afadhali mjue mapema.

Alisoma China enzi za Zaire, serikali ilipokuwa bado inapeleka vijana nje, akakaa huko muda mrefu hata, aliporudi, sombe ya majani ya muhogo ilimsumbua tumbo. Nilimjua akiwa tayari muzee, anaishi nyumba ya mbao karibu na yetu, kwenye avenyi inayoteremka kwenda ziwani. Alikula upesi mno, bila hata kutazama sahani. Halafu mtu huyohuyo angekaa na mstari mmoja wa maandishi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, asifungue ukurasa wa pili. Aliyemeza ugali bila kutafuna ndiye aliyetufundisha subira! Tulimcheka sana kwa hilo, naye alicheka pamoja nasi.

Wafanyabiashara wa mtaa wa Mabanga walimjia wakidhani anafundisha maneno ya soko. Walikuwa wanakwenda Guangzhou kununua simu na viatu, wakataka kujua kusema "punguza" na "hii ni feki." Aliwakaribisha vizuri, akawamiminia maji ya moto, kisha akawapa ukurasa wa mapatano ya kale ya kijiji fulani cha huko na kuwaambia waanze mstari wa kwanza. Wengi hawakurudi. Nakumbuka mmoja alisimama kwa hasira, "Mwalimu, miye natafuta bei!"

"Bei ziko mupakani, Bunagana," alimjibu. "Hapa tunasoma batu."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake, kusoma watu. Aliamini kwamba ukiisoma sentensi moja pole pole, ukauliza nani anamwambia nani, nani amesimama na nani amekaa, nani ametajwa kwa jina na nani kwa kazi yake tu, utaiona jamii nzima iliyokuwa nyuma yake. Kabla ya kufika hapo alikutesa kwa herufi miaka na miaka. Mimi nilianza nikiwa msichana wa sekondari, na nilipofika kwenye maandishi yenyewe nilikuwa mtu mzima.

Uani kwake kulikuwa na viti vitatu vya mbao. Aliyekalia cha kwanza alisoma sentensi na kuifasiri. Wa pili alikuwa mpinzani, na lazima apinge, hata kama moyoni anakubali kabisa. Wa tatu aliitwa wakili wa asiyekuwepo. Kazi yake ilikuwa kumsemea mtu ambaye maandishi hayakumtaja, ingawa bila yeye lile jambo lisingefanyika, labda mwanamke aliyepika karamu, labda mpagazi, labda binti aliyeozwa. Kiti hicho cha tatu alinipa mimi karibu kila mara. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Weye uko na hasira ya kutosha, Aziza. Acha tuipatie kazi."

Kiti cha mpinzani kilikuwa cha Kambale, fundi wa simu kutoka Mabanga, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Mimi na yeye tulibishana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Majirani walizoea. Jioni walikuja na vigoda vyao, wengine wanachambua maharage, wakaketi kandokando ya ua wa mawe kutusikiliza. Kichina hawakukijua, lakini ugomvi wenyewe tulifanya kwa Kiswahili.

"Leo banagombania nini?" mmoja angeuliza akifika amechelewa.

"Banagombania mama moja ya China. Alikufa zamani."

"Ee Mungu wangu! Na ule mama anashinda?"

Siku hiyo tulikuwa tunasoma mapatano ya ndugu watatu waliogawana nyumba ya baba yao. Nani achukue chumba cha mashariki, nani jiko, nani mti wa uani. Mama yao alipewa mstari mmoja tu, kwamba atakula kwa zamu kwa kila mtoto. Kambale aliusoma na kuendelea mbele.

"Rudi," Mwalimu alisema. "Anakula kwa zamu. Analala wapi?"

Tulitafuta. Haikuandikwa. Mti wa uani ulikuwa umeandikwa mpaka matawi yake, lakini mahali pa kulala mama hapakuwepo. Mwalimu akatueleza kwamba huko, kula kwa zamu kulikuwa haki kwa watoto, asitokee mmoja akasema mama ni wa kwake peke yake. Akaniachia mimi niseme upande wa yule mama, anayebeba kikombe chake kila jioni kutoka mlango hadi mlango. Nilisema mpaka nikalia, maana nilimwona bibi yangu wa Kasongo, alivyozungushwa hivyohivyo na wajomba. Wanawake waliokuwa kwenye vigoda waliacha maharage. Mwalimu alinimiminia maji ya moto.

Niseme alivyokuwa mzuri, kwa sababu alikuwa mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Hakuwa na ubao. Aliandika kwa brashi na maji juu ya saruji ya baraza yake, herufi kubwa nyeusi, na jua la Goma likazila. Ilibidi usome kabla hazijakauka, naye alicheka tukihangaika. Maji hayo yalitoka ziwani. Mama yangu aliyapandisha mgongoni, dumu la bidoni limefungwa kwa kamba kichwani, kwa njia iliyopita kati ya viwanja kwenda chini ufukweni, na kila alipopita alimwachia Mwalimu ndoo moja. Avenyi nzima ilichota pale. Mabomba yalikuwepo, lakini mabomba ya kwetu mnayajua, yanakohoa tu. Ile njia ndiyo ilitupikia na kutufulia, na mama yangu aliuza uji asubuhi, bila maji ya karibu hakuna uji.

Alikuwa pia mtu wa kukasirisha. Kuna siku jamaa mmoja wa Mabanga alimchukua hadi Bunagana amsaidie forodhani kueleza maandishi ya makatoni yake. Mwalimu akafungua katoni la birika za umeme, akatoa karatasi ya maelekezo, akakaa juu ya jiwe. Lori likasubiri. Dereva akapiga honi, akatukana, akanyamaza, akapiga tena. Mwalimu alikuwa amegundua kwamba mtengenezaji anamwomba mnunuzi radhi kabla ya kumpa onyo, akataka kujua ni kwa nini aombe radhi kwa mtu ambaye hatamwona maisha yake yote. Walirudi siku ya pili. Yule jamaa hakumsalimia tena, na Mwalimu alitusomea ile karatasi ya birika wiki nzima.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kuruka. Kukosea alisamehe. Ukifasiri vibaya alikwambia rudi, jaribu tena, pole pole. Lakini mtu akiona sentensi ngumu akaipita kimya ili afike kwenye nyepesi, koti la kijivu lilisimama. "Kuna mutu ndani ya ile sentensi," alisema. "Umemufunga mudomo. Mutu hakukukosea kitu, na umemufunga mudomo." Sauti yake ilitetemeka akisema hivyo. Wallahi ilitetemeka, sibuni.

Na alikuwa na kidonda. Lava ya volkano ilipoingia mjini, wakati waasi wa mara ile ndio waliokuwa wanatawala, Mwalimu alikuwa anaishi katikati ya mji, nyumba ya matofali yenye chumba kizima cha vitabu alivyovileta kutoka China kwa meli na treni na lori. Alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na nguo alizovaa, kama sisi sote. Aliporudi alipanda juu ya yale mawe yakiwa bado yanachoma soli za viatu, akapima kwa macho kutoka kwenye nguzo iliyobaki, akasema, "Hapa. Rafu ya mashairi iko hapa chini ya mguu yangu." Kuhusu nyumba hakulalamika hata mara moja, lakini vitabu alivitaja kama watu. Ndipo alipohamia Keshero, na vitabu vichache alivyopata baadaye alivifunga kwa kitenge, akanawa mikono kabla ya kuvigusa.

Waasi wengine walipokuja miaka iliyofuata, siku mji ulipobadilisha watawala na risasi zinalia upande wa uwanja wa ndege, mimi na Mama tulikuwa nyumbani kwake kwa sababu kuta zake za chini zilikuwa za mawe. Alitulaza chini ya dirisha, akatugawia maharage yake, akanipa ukurasa. "Soma kwa sauti," akasema. Nilisoma. Nilipomaliza alimgeukia mama yangu. "Mama Aziza, huyu mutoto iko na masikio. Niko mwalimu toka zamani, siyaone masikio kama haya."

Mama yangu hakusoma shule. Neno hilo alilibeba sokoni, msikitini, kwenye matanga na harusi. Binti yangu ana masikio, Mwalimu mwenyewe alisema. Hata asiyeuliza aliambiwa.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Baada ya waasi hao kutoka, kiwanja kikubwa cha chini, kile kilichopakana na maji, kiliuzwa na mwenyewe aliyekuwa anaishi Kinshasa. Aliyenunua alikuwa Mchina mmoja wa shughuli za ujenzi, aliyetaka kuweka makazi ya watu wake. Njia yetu ya maji ilipita ndani ya kiwanja hicho. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akaita mkutano uani kwake, alasiri, ili mgeni aseme nia yake na majirani wanyanyue mikono kama wanakubali. Kama tungekataa, mambo yangesimama, maana mgeni hakutaka kujenga kwa ugomvi. Mkalimani, nani mwingine? Mwalimu. Tulikwenda kwa furaha. Mama alivaa kitenge chake cha Idi.

Mgeni alikuwa mtu wa makamo, viatu vimejaa vumbi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama, akasema kwa Kichina, wazi kabisa, tena pole pole, kama mtu aliyejipanga, "Ukuta utafika hadi majini. Njia ya kuteremkia ziwani itafungwa. Nataka wajue leo, wasije kusema kesho kwamba niliwadanganya."

Mwalimu alikohoa. "Anasema anashukuru juu ya kupokelewa. Atajenga ukuta muzuri, uchafu ya barabara isiingie. Anataka tukae naye kama majirani."

Nilisubiri. Darasani wakati mwingine aliiweka sentensi nzito mwisho, ili tuione vizuri. Nikamwona anafunga kifuniko cha termosi na kurudi kukaa. Damu ilinipanda kichwani. Nikasimama.

"Mwalimu, umeruka! Amesema njia ya maji itafungwa. Batu basikie, banafunga njia ya maji!"

Mnajua kilichotokea? Walicheka. Uani kote walicheka, kicheko cha kupenda, cha watu waliotuona tukigombana miaka yote jioni kwa jioni. "Aah, somo imeanza!" mmoja akapiga kelele. "Mupinge, Aziza! Usimuache!" Mwingine akauliza, "Na Kambale iko wapi leo?" Shefu mwenyewe alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Kwao kiti cha tatu kilikuwa kimesimama kumsemea asiyekuwepo, kama kawaida, na wao ndio wasiokuwepo wenyewe, lakini nani angejua?

Mwalimu akatabasamu, lile tabasamu lake la darasani. Aliwasubiri wanyamaze.

"Munamujua mwanafunzi wangu," alisema. "Kusoma, ananipita. Lakini Kichina ya mudomo ni kitu ingine. Masikio yake bado."

Masikio yake bado. Alisema hivyo huku mama yangu amekaa mbele yake.

Nikamgeukia mgeni, nikamuuliza kwa Kichina, "Umewaambia kuhusu njia?" Yule mtu alishtuka, kisha uso ukamng'aa kwa kupata mtu mwingine wa kuongea naye. "Nimewaambia sasa hivi," akanijibu. "Itafungwa. Mzee wenu amewaeleza." Hakuficha chochote. Mgeni yule hakuficha chochote, nasema mpaka leo kwa kila anayemlaani.

"Amesema nini? Amesema nini?" watu waliuliza.

Mwalimu akasimama. "Anasema Kichina ya huyu binti ni safi sana. Aendelee na masomo."

Wakapiga makofi. Mama yangu akainuka na kitenge chake cha Idi, akapiga vigelegele. Nilipiga kelele, "Hapana! Hapana, Mama!" na wao wakazidi kucheka, wakidhani naona haya. Shefu akauliza nani anakubali. Mkono wa mama yangu ulikuwa wa kwanza kupanda, na ulipanda juu kuliko mikono yote.

Nyumbani nilimweleza. Nilimweleza kwa kulia, kwa kutukana, kwa kuapa. Alinisikiliza, akaniuliza jambo moja, "Mwalimu atudanganye juu ya nini? Si ni yeye alikufundisha?" Sababu sikuijua bado. Majirani niliokwenda kuwaambia walisema tungoje tuone. Tukaona. Malori ya mawe yalikuja, ukuta ukateremka hadi ndani ya maji, na juu yake vipande vya chupa.

Hapo ndipo waligeuka, na hawakumgeukia yeye. Walinigeukia mimi. "Aziza, ulikuwa pale. Unajua Kichina, tulikupigia makofi. Mbona haukutuambia?" Nilichosema mkutanoni walikihesabu mchezo wa darasa, na nilichowaambia baadaye, walisema kilikuja mikono imeshanyanyuliwa. Mwalimu walimwona muzee aliyechoka, labda alichanganya kidogo. Mimi walinitazama kama aliyekula kitu na mgeni. Mama sasa alipanda hadi barabara kuu na kushuka upande mwingine kutafuta maji, goti likaanza kumvimba, biashara ya uji ikafa. Hakunilaumu hata siku moja. Alinisamehe, ndiyo mbaya zaidi. Alinishika bega akasema, "Labda pale mukutanoni haukusikia muzuri, ukaelewa kisha, mutoto wangu. Haiko zambi." Bora angenipiga.

Sababu ilifika kwa lori. Kambale ndiye aliyekuja kuniambia, akihema. "Aziza, vitabu! Makatoni mpaka kwenye dirisha. Yule mugeni alimuahidi, batu bakikubali ukuta, sasa ameleta. Na Mwalimu anauliza utakuja lini."

Aliuliza nitakuja lini! Nilimweleza Kambale kila kitu. Alikaa chini kwenye mlango wetu, mpinzani yule, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kupinga. Hakurudi kule. Wengine nao wakaacha mmoja mmoja, na nikipita nilimwona Mwalimu barazani na koti lake, mbele yake viti vitatu vitupu, nyuma yake mlango uliojaa vitabu. Sikumhurumia, na sitasema nilimhurumia ili muone nina moyo.

Nimekuwa mkalimani. Naongozana na wafanyabiashara, nakaa kwenye mikutano yao, na wateja wananilalamikia kwamba nachosha, kwamba nasema hata mambo ambayo hayana maana. Nasema yote. Volkano ilipolipuka tena na mji mzima ukakimbilia Sake, nilimwona Mwalimu barabarani na begi begani, nikageuza uso. Mama alisimama kumsalimia. Alimsalimia siku zote, "Jambo Mwalimu," kwa heshima ileile, na iliniuma, kwa sababu kila salamu ilikuwa inasema kwamba anamwamini yeye, si mimi.

Mara ya mwisho kumwona ni juzi juzi, waasi hawa wa sasa walipouchukua mji. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka kabisa, na watu wakashika bidoni. Wachina walikuwa wameondoka mapigano yalipokaribia. Mlinzi aliyebaki, mtu wa Masisi mwenye huruma, alifungua geti la ule ukuta mchana ili majirani wachote. Tukapanga mstari ndani, kuteremka hadi majini, palepale ilipokuwa njia yetu. Mama alikuwa na fimbo kwa ajili ya goti. Alikataa kubaki nyumbani.

Mwalimu alikuja na bidoni ndogo ya njano. Ndani ya koti ulikuwa umebaki mfupa. Watu hawakumjali, wengi walikuwa wageni wa mtaa. Mama alimwita, "Jambo Mwalimu, kuya hapa, ingia mbele yangu," akamsogezea nafasi. Akasimama kati yetu. Alifungua kifuniko cha bidoni. Kisha akaanza kuongea na mimi kwa Kichina, sauti ya chini, macho kwenye maji, kama tulivyokuwa tukifanya zamani tusipotaka watu wajue. Aliongea pole pole, sentensi moja moja. Alipomaliza, alikifunga tena kifuniko cha bidoni.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

Mwalimu alinitazama. Nilimwona anaelewa ninachotaka kufanya, na nilimwona anaomba.

"Anasema siku ile nilisikia vizuri," nikamwambia Mama. "Anasema mgeni alisema njia itafungwa, na yeye alijua, akaificha. Anasema masikio yangu hayakuwa na shida yoyote, alisema hivyo kwa sababu aliona nimemkamata. Anasema alitaka vitabu. Anasema makombora yameangukia nyumba yake na vitabu vimeungua, hakuna aliyevisoma."

Mstari ulisogea. Hakuna kati yetu aliyesogea, mtu wa nyuma akatupita.

"Na anasema nisikuambie," nikamalizia, "kwa sababu ni wewe peke yako bado unamsalimia."

Mama alisimama na fimbo yake. Hakumwangalia Mwalimu, aliniangalia mimi.

"Ulisema," aliniambia. "Siku ile ulisema, Aziza. Nikakupigia vigelegele."

"Ndiyo, Mama."

Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Muzee yule alikuwa amesimama karibu yetu kiasi cha kuguswa kwa mkono, na Kiswahili anakijua tangu kuzaliwa.

"Mwambie nimesikia," Mama alisema.

Nikamgeukia Mwalimu, nikamwambia kwa Kichina.